Mtoto Anayekua kwa Namna Yake: Mwongozo Kamili wa Kumtafutia Msaada wa Mapema

Mzazi anapoanza kuhisi kwamba mtoto wake hakui kama wenzake, neno la kwanza analoambiwa, tena na watu wanaompenda, ni kusubiri. Ataambiwa kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema, kwamba baba yake naye alikuwa hivyo hivyo mpaka alipotimiza miaka minne, kwamba mtoto halinganishwi na mtoto. Maneno hayo hutolewa kwa nia njema, na mara nyingine huwa kweli, lakini yamewapotezea watoto wengi miaka ile ambayo ubongo hujifunza kwa wepesi kuliko wakati mwingine wowote. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi na walezi walioko Tanzania, wenye mtoto ambaye hajafikia umri wa shule na ambaye huenda ana usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na namna mtoto anavyohusiana na watu, au hali ya kukosa utulivu na umakini ambayo madaktari huiita kwa kifupi ADHD, au amechelewa kusema, au ana mchanganyiko wa hayo. Msimamo wake ni mmoja: msaada hauanzi siku mtoto anapopewa jina la hali yake, bali siku mlezi anapoona kwamba kuna jambo. Jina litafutwe, lakini litafutwe huku kazi imekwisha kuanza.

Hatua ya kwanza: Andika unachokiona

Chukua daftari la kawaida la shule, liwe la mtoto huyo peke yake, na uandike tarehe kila unapolifungua. Usiandike hukumu kama "mkaidi" au "hasikii". Andika tukio lenyewe jinsi lilivyotokea. Kwa mfano: "Jumanne, nilimwita jina mara tano akiwa amenipa mgongo, hakugeuka; nilipofungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, alikuja mbio." Maandishi hayo mafupi yanamweleza daktari kwamba mtoto anasikia angalau baadhi ya sauti, na kwamba kuitwa jina hakumvuti kama kunavyowavuta watoto wengine. Maelezo ya namna hiyo yana faida kuliko nusu saa ya kusimulia kwa wasiwasi mbele ya mtu mwenye foleni ndefu nje ya mlango wake.

Yako mambo ambayo watoto wengi huwa wameyafikia katika umri fulani, na inafaa uyatazame mapema. Katika miezi 9 mtoto kwa kawaida hugeuka anapoitwa jina lake. Katika mwaka 1 hupunga mkono wa kwaheri na kumwita mzazi kwa neno lake. Katika miezi 18 hunyoosha kidole kukuonyesha kitu kilichomfurahisha, kama ndege au gari linalopita, kisha hukutazama usoni kuona kama nawe umekiona. Kuonyesha kwa kidole ni dalili ya maana kuliko wazazi wengi wanavyodhani, kwa sababu mtoto anayekuvuta mkono ili umpe kitu anaomba tu, lakini anayekuonyesha kitu asichokihitaji anataka mshirikiane. Akifika miaka 2 huunganisha maneno mawili, mfano "maji hapa" au "baba kaja". Kukosa jambo moja kati ya hayo hakuthibitishi chochote, lakini yakikosekana kadhaa kwa pamoja, usisubiri. Na mtoto aliyekuwa na maneno akayapoteza, au aliyekuwa akicheza na watu akajitenga, apelekwe hospitali mara moja bila kujali umri wake.

Andika pia yale anayoyapenda na anayoyaweza: kwamba hupanga vizibo vya soda kwa mstari ulionyooka, kwamba anakumbuka njia ya kwa bibi baada ya kupita mara moja, kwamba hutulia akisikia maji yakimiminika. Katika hatua ya tatu utaona kwamba vitu hivyo ndivyo vitakavyokuwa nyenzo yako ya kwanza.

Kuhusu ADHD, tahadhari moja inatosha. Mtoto wa miaka 2 au 3 kwa asili yake hatulii, na madaktari kwa kawaida hawamtangazii mtoto hali hiyo kabla ya miaka 4. Lakini ikiwa anavuka barabara bila kutazama, anapanda kila mahali na halali, mbinu za nyumbani zilizoelezwa hapa zinamfaa tangu sasa.

Hatua ya pili: Ingia kupitia kliniki ya mtoto

Mfumo wetu unao mlango ambao wazazi wengi huupita bila kuutumia. Kila mtoto aliye chini ya miaka 5 hupelekwa kliniki kupimwa uzito na kupewa chanjo, na chanjo ya surua na rubella hutolewa akiwa na miezi 9 kisha miezi 18. Umri huo wa pili ndio hasa ambao dalili za usonji huanza kuonekana wazi. Mzazi akikaa kimya, muuguzi atapima uzito, atachoma sindano na kuita anayefuata. Kwa hiyo sema, tena kabla kadi haijarudishwa mkononi mwako: "Nesi, nina wasiwasi na maendeleo ya mtoto huyu, si uzito wake. Haitikii jina, hana maneno, na hanyooshi kidole. Naomba nionane na daktari." Fungua daftari.

Kipo kipimo cha maswali kiitwacho M-CHAT-R, kilichotengenezwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Kina maswali 20 ya ndiyo na hapana yanayojibiwa na mzazi. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo. 3 hadi 7 zinahitaji maswali ya ziada kutoka kwa mhudumu. 8 na kuendelea zinatosha kumpeleka mtoto kwa mtaalamu moja kwa moja. Kipimo hiki ni chujio tu, hakitoi jibu la mwisho, na wapo watoto wanaonaswa bila kuwa na usonji na wengine wenye usonji wanaopenya. Hata hivyo kinampa mzazi lugha ya kuzungumzia wasiwasi wake, nami naona ni heri kuuliza kama kipo kuliko kuondoka na neno "atakua tu".

Rufaa hupanda ngazi: zahanati au kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha hospitali ya kanda au ya taifa, kama Muhimbili kwa Dar es Salaam, Bugando kwa Mwanza na KCMC kwa Moshi. Ukiwa katika ngazi hizo, sisitiza vipimo viwili. Cha kwanza ni cha masikio. Mtoto asiyesikia vizuri naye haitikii jina na hachukui maneno, na wapo waliohesabiwa kuwa na usonji kumbe masikio ndiyo yenye tatizo. Kupiga makofi nyuma ya kichwa hakutoshi, kwa sababu mtoto huweza kusikia mlio mzito asisikie sauti nyembamba za maneno; anahitaji kipimo cha mashine katika idara ya masikio, pua na koo. Cha pili ni uchunguzi wa kifafa, hasa kama mtoto amewahi kupata degedege, au kama hukodoa macho na kupotea kwa sekunde chache kisha akarudi. Tukio la namna hiyo likitokea nyumbani, lirekodi kwa simu. Video ya sekunde 30 humsaidia daktari kuliko maelezo yoyote, maana mtoto akifika hospitalini huwa ametulia kama maji ya mtungini.

Jibu linaweza kuchukua miezi. Usiihesabu miezi hiyo kuwa ya kungoja.

Hatua ya tatu: Fanya kazi nyumbani kuanzia wiki hii

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya stadi kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa maendeleo, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Kiini chake ni kwamba mzazi hahitaji chumba maalumu wala vifaa vya gharama. Anahitaji kuigeuza shughuli ya kila siku kuwa nafasi ya mawasiliano. Hilo ndilo nitakalolikalia, kwa kuwa mtoto huenda akamwona mtaalamu saa moja kwa mwezi, ilhali anaoga na kula nanyi kila siku.

Anza kwa kushuka. Kaa chini, mkekani, uso wako uwe sawa na uso wake, na ufuate anachokifanya badala ya kumlazimisha afanye unachotaka wewe. Akipanga vizibo, chukua kizibo kimoja umpe, kisha kingine, huku ukisema neno moja: "kizibo". Baada ya muda kishike kidogo kabla ya kumpa, umtazame, na uhesabu kimoyomoyo hadi tano. Kimya hicho ni kigumu kwa mzazi, maana kila dakika tunataka kusema, lakini ndani yake ndimo mtoto hupata nafasi ya kuomba kwa jicho, kwa mkono au kwa sauti. Akiomba kwa njia yoyote ile, mpe papo hapo. Usimwambie "sema kwanza". Anachojifunza kwanza ni kwamba kumwendea mtu kuna faida. Maneno yatapita njia hiyo hiyo.

Punguza maneno yako. Badala ya "Haya njoo sasa uoge maana tumechelewa na shangazi anatusubiri", sema "Kuoga", huku ukimwonyesha kopo la kuogea. Mtoto akizoea kuona kopo lile lile kabla ya kuoga na kijiko kile kile kabla ya chakula, atajua kinachofuata hata asipoelewa sentensi, na vilio vingi vya ghafla huisha hapo. Kwa aliyekwisha kuelewa picha, bandika ukutani michoro minne au mitano inayofuatana: kuamka, choo, uji, nje, kulala. Mchoro wa kalamu ya wino unatosha. Wazazi wengine huogopa kwamba picha na ishara zitamfanya mtoto mvivu wa kusema, ilhali kwa kawaida humpunguzia hasira na kumpa njia ya kufikia maneno.

Mpe uchaguzi wa vitu viwili vinavyoonekana, embe mkono huu na ndizi mkono huu, na ungoje. Tumia michezo ya kurudiarudia, kama kujificha nyuma ya khanga na kutokeza. Ukisha kuirudia mara nyingi, simama kabla ya kutokeza umwone kama ataivuta khanga mwenyewe. Zungumza naye lugha unayoimudu vizuri. Kama nyumbani mnazungumza Kisukuma au Kichaga, endeleeni nayo, kwa sababu lugha mbili hazisababishi usonji wala hazimzuii mtoto kusema, na mama anayelazimika kumsemesha mwanawe lugha asiyoizoea hupoteza uchangamfu ambao mtoto anauhitaji.

Mtoto anapolipuka kwa kilio sokoni au kwenye daladala, jiulize kwanza ni kitu gani kimemzidi: kelele, mwanga, harufu, nguo inayokwaruza shingoni, au mpango uliobadilika bila taarifa. Mwondoe mahali pale, punguza maneno, kaa karibu naye hadi ipite. Kumchapa katika hali hiyo hakumfundishi chochote, kwa sababu wakati huo hayupo mahali pa kufundishika. Halafu andika daftarini kilichotangulia kilio. Baada ya matukio matano au sita utaanza kuona kinachojirudia. Na kama yeye ni wa kutoroka, fikiria usalama kabla ya jambo jingine lolote: komeo la juu mlangoni, kisima kilichofunikwa, jirani na mwenye duka wanaomjua kwa jina, na namba yako ya simu iliyoandikwa ndani ya nguo yake.

Simu na televisheni zina nafasi ndogo hapa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 haipendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka 1 au chini yake, na kwa wa miaka 2 hadi 4 inaweka kikomo cha saa 1 kwa siku. Skrini haileti usonji, ila humla mtoto saa ambazo angezitumia na uso wa mtu. Mama anayepika peke yake na kumpa mtoto simu dakika ishirini asihukumiwe. Asaidiwe kupata mtu wa kukaa naye.

Hatua ya nne: Tumia wataalamu wachache tulionao kwa akili

Wataalamu utakaowasikia wakitajwa ni daktari wa watoto, daktari wa afya ya akili, mtaalamu wa tiba kwa vitendo na mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Wa tiba kwa vitendo hushughulikia kula, kuvaa, kushika, kucheza na namna mtoto anavyopokea mguso na kelele. KCMC ina shule inayowafundisha, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam hutoa huduma za utengamao kwa watoto, yaani za kumjengea mtoto uwezo wa shughuli za kila siku. Wa tiba ya usemi ni wachache mno na wengi wao wako Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo, usiende kwao kama mtu anayepeleka redio kwa fundi na kurudi jioni kuichukua. Nenda kujifunza. Ingia chumbani, tazama anavyofanya, omba ufanye mwenyewe mbele yake akusahihishe, na usiondoke bila majibu ya maswali haya matatu: nifanye nini kila siku, kwa muda gani, na nitaona badiliko gani nikijua kwamba inafaa. Anayekataa mzazi asione kinachofanyika, au anayeahidi kumponya mtoto kabisa kwa malipo ya mkupuo, mwache.

Hakuna dawa inayoondoa usonji. Zipo dawa ambazo daktari anaweza kuandika kwa ajili ya kifafa, au hasira kali inayomfanya mtoto ajiumize, na hizo zisitumiwe bila yeye. Kwa ADHD, mtoto aliye chini ya miaka 6 huanza na mafunzo ya mzazi kabla ya dawa. Wapo wauzaji mitandaoni wa vimiminika vya klorini na dawa za "kusafisha sumu mwilini". Hivyo vinaweza kumwua mtoto. Wapo pia wanaowapeleka watoto kukatwa kimeo ili waseme. Kimeo hakizuii maneno, na kukikata nje ya hospitali huleta damu nyingi na maambukizi.

Hatua ya tano: Iondoe lawama ndani ya nyumba

Katika jamii nyingi zetu mama ndiye anayetupiwa jambo hili. Ataambiwa amembemenda mtoto, kwamba alivunja miiko alipokuwa akinyonyesha, au kwamba ukoo wake una kitu. Usonji na ADHD ni hali za ukuaji wa ubongo zenye mchango mkubwa wa urithi, na huo hutoka pande zote mbili. Mwenendo wa wazazi baada ya uzazi hauzileti. Wala chanjo hazizileti. Tuhuma ya chanjo ya surua ilienezwa na makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet, iliyohusu watoto 12 tu. Jarida liliifuta mwaka 2010, na mwaka huo huo mwandishi akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Tuhuma hiyo ilishika mizizi kwa sababu dalili huonekana katika umri ule ule wa sindano, na mzazi hutafuta kilichotokea karibu.

Kwa hiyo fanyeni kikao cha familia, awepo baba, bibi, na yeyote anayekaa na mtoto mchana. Someni daftari pamoja. Kisha gaweni kazi kwa majina: nani ataoga naye kwa utaratibu wa kopo, nani atampeleka kliniki, nani atamshika Jumamosi asubuhi ili mama alale. Hilo la mwisho mara nyingi hufanyiwa mzaha, nami naliweka mbele ya mengi mengine, kwa sababu mama aliyechoka kupindukia hawezi kuhesabu hadi tano akingoja jicho la mtoto. Kaka na dada waelezwe kwa maneno mepesi, na wapewe muda wao bila kugeuzwa walinzi wa kudumu. Tafuteni pia wazazi wengine: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, kwa hiyo katika kata yenu hamko peke yenu, ingawa huenda wengine wamewafungia watoto wao ndani.

Hatua ya sita: Nenda kwa afisa ustawi wa jamii

Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye anayemwingiza mtoto katika orodha za watu wenye ulemavu na kuandika barua za kukuombea huduma. Nenda na kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na nakala ya barua ya daktari. Matibabu ya watoto chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali ni bure kwa mujibu wa sera. Ukidaiwa fedha, omba ofisi hiyo ikusaidie. Mama aliyeacha biashara kwa ajili ya malezi aulizie mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Hatua ya saba: Andaa njia ya shule kabla ya Januari

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzake, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi 100 darasani hataisoma sheria. Atauliza mtoto huyu atakaaje. Kwa hiyo uandikishaji wa darasa la awali unapoanza miezi ya mwisho ya mwaka, uwe umekwisha kumwona afisa elimu maalum wa halmashauri kumwuliza ni shule zipi zina kitengo cha elimu maalum au mwalimu aliyesomea fani hiyo, kama wale wanaotoka Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Shule jumuishi iliyo karibu, yenye mwalimu mkuu anayekubali kuzungumza, kwa maoni yangu ni bora kuliko ya mbali yenye sifa, ambayo mtoto ataifikia kwa daladala mbili akiwa tayari amevurugika.

Mpeleke mtoto shuleni siku ambayo hakuna masomo, azunguke, aone choo na mti wa kivuli. Rudi naye mara mbili au tatu. Kisha mpe mwalimu ukurasa mmoja, si daftari zima, wenye mambo haya kwa mwandiko unaosomeka: anavyoomba maji na choo, sauti zinazomtisha, kinachomtuliza, anachokipenda, mahali pazuri pa kumkalisha, na namba mbili za simu. Usikunje ukurasa huo ndani ya bahasha. Mwombe mwalimu aubandike nyuma ya mlango wa kabati la darasa, ili hata mwalimu wa zamu asiyemjua mtoto auone.